Mrejesho: kiwanja cha Mikindani na likizo yangu

Ndugu zangu, niliuliza hapa kama nitumie likizo ya mwaka kusimamia mwenyewe ununuzi wa kiwanja Mikindani, au nimwachie dalali nami nibaki kazini Lindi. Wengi mlisema nichukue likizo, nikaichukua, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatupa waajiriwa siku 28 mfululizo zenye malipo.

Upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya mkoa ulionyesha kwamba hati ya kiwanja cha kwanza imewekwa dhamana ya mkopo, jambo ambalo dalali hakulitaja kabisa. Cha pili kilikuwa safi. Nilizungumza na majirani wa pande zote, tukahakiki mawe ya mipaka, na fedha, ambazo sehemu yake ni mauzo ya korosho za mama, zikapitia benki hadi kwenye akaunti ya muuzaji. Siku zilizobaki nilikaa Msimbati pamoja na mama na watoto, simu ya kazini ikiwa imezimwa, na kwa hilo ninawashukuru sana. Uhamisho wa umiliki bado unafuatiliwa na mwanasheria.