Shemeji aliumia mguu Kongo, sasa anauziwa vidonge vya "seli shina". Kuna ukweli?

Mchele_wa_Kyela (Uyole, Mbeya)
Wakuu, habari za majukumu. Shemeji yangu ni mwanajeshi mstaafu, alipigwa na vipande vya bomu kwenye ulinzi wa amani mashariki ya Kongo. Mguu haukukatwa, ila mfupa wa goko una pengo la kama sentimita 5, na kigimbi kimeisha, pamebaki bonde unaloweza kulaza kiganja. Anatembelea magongo. Juzi pale Mwanjelwa jamaa mmoja wa suti kamshika na vidonge vya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) "vinavyotibu wanajeshi wa Marekani". Kopo laki nne na nusu, anywe makopo sita. Dada ameshaanza kutafuta mteja wa shamba la viazi. Kweli hao Wamarekani wanaotesha nyama na mifupa? Matusi wekeni pembeni.

KijanaWaSoweto
Milioni mbili na laki saba 😂 Mkuu, seli hai ukiimeza inameng'enywa kama maharage.

NesiMstaafu (Ipogolo, Iringa)
Kamwene mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya mifupa mpaka nikastaafu.

Kuotesha kupo. Jeshi la Marekani lilianzisha taasisi ya utafiti huo mwaka 2008, maana askari wa Iraki na Afghanistani waliokuwa wanaokolewa walirudi na viungo visivyo na nyama wala mfupa. Ila hakuna kinachomezwa. Vyote ni vya chumba cha upasuaji.

Msuli: kule Pittsburgh, timu ya Stephen Badylak ilichukua kibofu cha nguruwe, ikaondoa seli zote, ukabaki utando mtupu, wakaushona palipokosa nyama. Ripoti yao ya 2014 ilikuwa ya wagonjwa 5 tu, na si wote waliopata nafuu ya maana. (Nyie wa Mbeya kitimoto mnamalizia kwenye rosti. Muulize shemeji dini yake kwanza.) Wagonjwa hao waliwekwa kwenye mazoezi mapema sana baada ya kushonwa, kwa sababu utando unaita seli za mwili wenyewe, na mguu usipofanyishwa kazi utaishia kupata kovu.

Desemba 2024 Marekani iliidhinisha mshipa wa damu uliooteshwa maabara kwa seli za binadamu. Madaktari wa Ukraine walikuwa wameshautumia kwa majeruhi wa vita. Huo ni wa jeraha bichi, shemeji haumhusu.

Linalomhusu ni la zamani. Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan kule Siberia, alianza na majeruhi wa Vita vya Pili vya Dunia. Mguu unafungwa pete za chuma kwa nje, nyaya zinapita kwenye mfupa, mfupa unakatwa mahali pazima, kisha kipande kinasogezwa milimita 1 kwa siku, robo robo mara nne. Nyuma yake mwili unaotesha mfupa mpya. Pengo la sentimita 5 ni siku 50 za kuvuta tu, halafu miezi ya kusubiri ukomae. Nimeuguza mzee aliyekuwa anazungusha nati mwenyewe, spana namba 10 inalala chini ya mto. Manesi hatukuruhusiwa kuigusa! Kazi yetu ilikuwa kusafisha pale nyaya zinapoingilia, maana ndipo usaha unapoanzia. Sigara marufuku.

KahawaYaMbozi
Mama, shikamoo. Mimi niliumia kwa bodaboda, nikachagua kukatwa. Leo nina mguu wa bandia, nalima. Mwaka mzima kwenye vyuma si mchezo, na mfuko nao?

NesiMstaafu
Marahaba. Wala hukukosea. Mimi swali langu la kwanza huwa ni unyayo. Ukiwa hausikii kitu, kuhangaika na mfupa mara nyingi ni kumtesa mtu.

Mchele_wa_Kyela
Shikamoo mama, ndaga fijo. Unyayo unasikia, akikanyaga kokoto anaruka. Ila kuna tundu linatoa majimaji yenye harufu, linafunga, linafunguka tena.

NesiMstaafu
Basi hilo tundu ndilo la kwanza. Huenda ndani kuna mfupa uliokufa, na usipotolewa hakuna cha kuvuta. Aende Rufaa ya Kanda hapo Mbeya amwone daktari wa mifupa, na abebe eksirei zote, hata zile za Kongo zilizokunjamana. Ikibidi watampa barua ya kwenda MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Antibayotiki za duka la dawa aache kabla ya kwenda? Hapana, asiache wala asianze bila kuulizwa. Aseme tu ukweli alichokunywa, pamoja na hayo makopo kama ameshafungua moja.