Prosesa na madabodi ya kompyuta ya gemu: kadi ya grafiki itachelewa, nichukue ipi?

Kijana_Uyole:
Habari za jioni wakuu. Niko Uyole, Mbeya. Natafuta kuunda kompyuta ya gemu kwa milioni moja na laki nane, monita ninayo. Nacheza GTA V na eFootball, mbele ya safari nataka Cyberpunk 2077. Shida yangu ni kwamba kadi ya grafiki siipati sasa, mpaka tuvune viazi na kuviuza. Duka moja limenishauri Ryzen 5 5600G kwa kuwa ina grafiki ya ndani. Rafiki anasema Ryzen 5 5600, mwingine Core i5-12400F. Upande wa madabodi (ubao mkuu unaobeba prosesa na ramu) ndiyo sijui kabisa. Naombeni mwongozo.

Makambako_1:
5600 na madabodi ya B550. Hapo hujutii.

Fundi_Mwanjelwa:
Mdogo wangu, hapo juu umeshauriwa vizuri kama kadi ingekuwepo leo. Haipo. Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani, na 12400F pia hivyo hivyo. Utawasha mashine, feni zitazunguka, na monita itabaki nyeusi mpaka viazi viuzwe.

5600G itakupa picha, hilo kweli. Ila kashe yake ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ni MB 16 wakati 5600 ina MB 32, na kwenye gemu zinazoibana prosesa hiyo tofauti inaonekana. GTA V ni mojawapo, hasa ukiwa katikati ya mji na magari yamejaa. Sipendi kuona mtu ananunua prosesa kwa ajili ya miezi michache ya kusubiri, halafu anakaa nayo miaka.

Mimi ningechukua Core i5-12400 ile isiyo na F. Ina viini 6 na grafiki ya UHD 730 ndani yake. Utaweka Windows, utafanya kazi zako, na GTA V itakwenda ukishusha mipangilio hadi chini. Kadi ikifika unachomeka, na prosesa haikuangushi.

Madabodi tafuta B660 inayotumia ramu aina ya DDR4. H610 ni ya bei rahisi, lakini nyingi zina nafasi mbili tu za ramu, na sehemu inayogawa umeme pembeni ya soketi (pale prosesa inapokaa) mara nyingi iko wazi, haina bati la kupoza. Hakikisha ina HDMI au DisplayPort nyuma, maana picha itatokea hapo. Ramu nunua mbili za GB 8, usinunue moja ya GB 16. Grafiki ya ndani inakula ramu ile ile, na zikiwa mbili zinafanya kazi sambamba. Utaona fremu (picha kwa sekunde) zinapanda.

Kihesa_Iringa:
Fundi nakuheshimu, ila mbona usimpeleke AM5, soketi ya AMD, moja kwa moja? Ryzen 5 7600 nayo ina grafiki ndogo ya ndani, na AMD wamesema soketi hiyo wataihudumia hadi 2027 na kuendelea.

Fundi_Mwanjelwa:
Mkuu, kwa mwenye milioni tatu ningekubaliana na wewe bila ubishi. AM5 haipokei ramu ya DDR4 hata kidogo. Madabodi ya B650 na DDR5 vitamla pesa ya kadi, na kwenye gemu kadi ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Bora abaki na uwezo wa kununua kadi kama RX 6600 kuliko soketi ya kesho. Hata LGA1700, soketi ya hiyo 12400, ina pa kwenda, prosesa za kizazi cha 13 na 14 zinaingia humo humo ukisasisha BIOS (programu ya msingi ya madabodi).

Njombe_Mji:
Naongezea kwenye hilo la BIOS. Huku kwetu mvua zikianza umeme unakatika na kurudi muda wowote. Usisasishe BIOS bila UPS (betri ya akiba ya umeme). Umeme ukikatika katikati ya kuandika, madabodi inaweza isiwake tena.

Kijana_Uyole:
Shikamoo fundi, na asanteni wote. Nimepata B660 ya mtumba, jina lake linaishia na D4. Ndiyo yenyewe?

Fundi_Mwanjelwa:
Marahaba. Ndiyo, hiyo ni ya DDR4. Kabla hujatoa hela, mwambie afungue soketi. Kwa Intel pini ziko kwenye madabodi, prosesa haina. Washa tochi ya simu, imulike kwa ubavu na siyo kutoka juu, kisha zungusha madabodi taratibu. Pini nzima zinang'aa kwa mistari iliyonyooka. Iliyopinda utaiona inang'aa peke yake au inaacha kitundu cheusi. Moja tu ikilala, ramu ya upande mmoja inaweza isisomeke, kwa hiyo hiyo usiichukue hata akikupunguzia bei. Ikiwa salama, mwombe aiwashe na ramu zikiwa kwenye nafasi mbili, uingie BIOS, uone zote zimesomwa. Na kile kifuniko cha plastiki cha soketi kidai, utakihitaji siku ukitoa prosesa.