Mabawa ya bata mzinga ya moshi yamebaki: niyapikeje chumvi isizidi?

Sahani_Tatu

Wakuu, nina mabawa 4 ya bata mzinga ya moshi yaliyobaki, jumla kama kilo moja na nusu. Ni ya kununua, pakiti inasema yameshaiva, na kwenye viambato kuna chumvi na nitriti (kihifadhi cha nyama). Yapo kwenye friji tangu jana jioni. Nyama imeng'ang'ania mfupa, ngozi inavutika kama mpira, na ukionja kipande kikavu chumvi ni kali.

Nataka kupata supu, na pia sufuria ya maharagwe mekundu. Je, nitupie mabawa moja kwa moja kwenye maharagwe yachemke pamoja, au nitengeneze supu kwanza? Chumvi naipunguzaje bila kupoteza ladha ya moshi? Na ngozi inafaa kwa lolote au ni ya kutupa?

---

MwikoMrefu

Supu kwanza. Mabawa ya moshi yahesabu kama kiungo, usiyahesabu kama kitoweo. Nyama utakayotoa haitafika nusu ya uzito ulionao. Kilichobaki ni ngozi, gegedu, kano na mifupa. Huko ndiko kwenye faida, kwa sababu kolajeni (protini ngumu) ya ngozi na gegedu ikikaa muda mrefu kwenye maji ya moto hugeuka jelatini, na jelatini ndiyo inayoipa supu uzito mdomoni.

Kata kila bawa kwenye viungo vyake. Likunje kinyume mpaka kiungo kifunguke, kisha pitisha kisu kwenye gegedu katikati ya mifupa. Usipasue mfupa wenyewe kwa panga: mifupa ya ndege iliyoiva hutoa vijiti vyenye ncha, na vidogo vingine hupita kwenye chujio. Utapata sehemu tatu, yaani ya juu yenye mfupa mmoja mnene, ya kati yenye mifupa miwili, na ncha. Ncha haina nyama ya maana lakini usiitupe, ina ngozi na gegedu tele.

Chumvi ipime kabla ya kuamua. Chukua kipande kidogo cha nyama kutoka ndani, karibu na mfupa, ukichemshe dakika chache kwenye kikombe cha maji, halafu onja nyama na maji yake. Kama maji yanaonjeka vizuri, endelea bila kufanya kitu. Kama ni makali, weka mabawa yote kwenye maji baridi, yafikishe kuchemka, yaache dakika 5, mwaga maji hayo. Mara moja tu. Ukirudia, unaanza kuumwaga moshi pamoja na chumvi, na utabaki na supu ya kuku dhaifu.

Kisha maji mapya baridi, lita 3 kwa kilo yako moja na nusu, au yafunike mabawa kwa vidole viwili. Yakianza kuchemka, punguza moto mpaka uone kiputo kimoja kimoja kikipanda. Usiache yatokote. Yakitokota, mafuta yanavunjika vipande vidogo na kujichanganya na maji: supu inakuwa ya maziwamaziwa, nzito ya mafuta, na ule ukali wa moshi unaganda ulimini, maana sehemu kubwa ya harufu ya moshi imeshikwa na mafuta.

Baada ya saa moja na nusu hivi, shika mfupa mmoja wa kile kipande cha kati uuvute. Ukitoka mtupu, toa vipande vyote, chambua nyama, iweke pembeni, halafu rudisha mifupa, ngozi na gegedu kwenye sufuria kwa saa moja nyingine. Wengi huacha nyama humo mpaka mwisho. Inabaki nyuzinyuzi zisizo na ladha, kwa kuwa ladha yote imehamia majini.

Kitunguu maji 1 kikubwa kilichokatwa katikati, karoti 2, seleri bua 1 na punje 10 za pilipili manga viingie kwenye hiyo saa ya mwisho. Vikiwekwa mwanzoni vinapondeka na kuitia supu ukungu. Chumvi usiweke hata punje.

Chuja, ipoze, iweke kwenye friji. Kesho yake mafuta yatakuwa yameganda juu. Yatoe, lakini weka akiba vijiko 2 vya chakula: ukikaangia kitunguu cha maharagwe kwa mafuta hayo, moshi unarudi bila chumvi kuongezeka.

Tahadhari moja: usiikaushe supu motoni ili iwe nzito kabla hujaionja. Ikipungua nusu, chumvi yake imekuwa maradufu.

---

Jungu_Kuu

Kama chumvi imezidi, weka tu viazi 2 vibichi ndani ya supu, vitainyonya. Ni njia rahisi kuliko kumwaga maji ya kwanza.

---

MwikoMrefu

@Jungu_Kuu kiazi hakichagui chumvi na kuacha maji. Kinanyonya maji yenye chumvi ileile iliyomo sufuriani, hivyo supu inayobaki ina ukali uleule, ila imepungua. Kinachosaidia ni kuongeza kitu kisicho na chumvi: maji, maharagwe, mchele, au hivyo hivyo viazi, mradi vibaki kwenye chakula na uongeze maji. Nazi au krimu hupunguza makali ulimini ingawa chumvi ipo palepale.

---

Chujio_la_Bibi

Kuhusu maharagwe, naungana na wanaosema supu kwanza, ila sababu yangu ni nyingine: muda. Mabawa yanataka saa mbili na zaidi, maharagwe yaliyolowekwa yanaweza kuiva kwa saa moja au yakachukua mbili, kutegemea yamekaa ghalani kiasi gani. Ukivipika pamoja, kimoja lazima kimsubiri mwenzake, na vijifupa vya ncha vinapotelea kwenye maharagwe ambako huwezi kuchuja.

Kwa nusu kilo ya maharagwe makavu: loweka saa 8 hadi 12 kwenye maji mengi, mwaga maji hayo. Maharagwe yako ni mekundu, kwa hiyo weka maji safi na uyachemshe kwa moto mkali, yatokote kwelikweli, dakika 10 kamili. Yana lektini nyingi inayosababisha kutapika na kuharisha, na moto mdogo hauiharibu. Ndiyo maana ni hatari kuyatia mabichi moja kwa moja kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole, isiyofikia kutokota.

Mwaga maji hayo pia, ndipo uweke supu. Nusu kilo inataka kama lita 1.5 ya kimiminika. Kwa mabawa ya pakiti mimi naanza na nusu supu nusu maji, na nikihitaji kuongeza katikati ya mapishi naongeza maji ya moto, siyo supu, kwa sababu kinachopotea kwa mvuke ni maji tu. Chumvi haipandi na mvuke.

Imani kwamba chumvi inazuia maharagwe kulainika haina nguvu. Kinachoyagomesha ni tindikali, maji magumu yenye kalsiamu nyingi, na umri wa maharagwe yenyewe. Kwa hiyo nyanya, ndimu au siki zisubiri mpaka punje ipondeke kati ya vidole viwili bila kiini kigumu. Hapo ndipo uweke kitunguu ulichokaanga kwa yale mafuta ya moshi, kitunguu saumu punje 3, nyanya 2, uache dakika 15 hadi 20. Nyama uliyochambua iingie dakika 5 za mwisho, ipate moto tu.

Ponda mwiko mmoja au miwili ya maharagwe ukutani mwa sufuria, mchuzi utashikana. Unga hauhitajiki, jelatini ipo.

---

motomdogo

Ngozi usitupe, ila amua mapema inakwenda wapi. Ikishachemka saa mbili imeshatoa kazi yake. Ukitaka ikauke na kuvunjika mdomoni, ivue kabla ya kuchemsha.

Inavutika kwa sababu moshi hufanyika kwa joto la chini, mafuta yaliyo chini ya ngozi hayapati nafasi ya kuyeyuka yote na unyevu unabaki. Ifute kwa kitambaa mpaka iwe kavu, kwangua mafuta manene upande wa ndani, itandaze kwenye trei bila vipande kupandana, weka trei nyingine juu ili isijikunje. Oveni 190°C, dakika 20 hadi 25. Bila oveni, ikate vipande vidogo na uikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka itoe mafuta yake na kukauka. Vunjavunja juu ya maharagwe wakati wa kupakua. Ukiinyunyiza mapema inarudia kuwa laini.

Kama mabawa yalipakwa sukari au asali, shusha hadi 170°C na uchungulie kila baada ya dakika chache. Sukari inaungua kabla ngozi haijakauka.

---

Sahani_Tatu

Asanteni wakuu, nimeelewa. Nilikuwa nimepanga nusu ya mabawa yabaki na ngozi, nusu nivue.

Nina mengine. Nyama karibu na mfupa ni ya pinki, je, imeiva kweli? Nina sufuria ya presha, itafupisha kazi au itaharibu? Na supu hii naiweka siku ngapi?

---

Bi_Karafuu

Pinki hiyo isikutishe. Nitriti inashikamana na rangi ya asili ya nyama na kuifanya ibaki pinki hata ikiiva kabisa, na gesi za moshi wenyewe hufanya vivyo hivyo kwenye tabaka la juu. Maana yake rangi haikuambii kitu, si kwa uzuri wala kwa ubaya. Kama pakiti imeandikwa kwamba yameiva, ni kupasha tu mpaka ndani ifike 74°C. Kama ni ya kufukizwa nyumbani na hukuona kipimajoto kikitumika, yahesabu mabichi, na saa mbili za kuchemka zitamaliza suala hilo.

Kuhifadhi: mabawa yaliyokwisha kufunguliwa yakae kwenye friji ya 4°C au chini yake, siku 3 hadi 4. Supu nayo ni siku 3 hadi 4. Zaidi ya hapo, friza. Kwa ubora wa ladha itumie ndani ya miezi 3 hivi. Igandishe kwenye vyombo vya nusu lita, acha nafasi juu kwa sababu ikiganda inatanuka.

Watu wengi huvurugia kwenye kupoza. Sufuria ya lita 3 ikiachwa mezani usiku mzima inabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na kuna bakteria ambao mbegu zao zinastahimili kuchemka kisha zinaamka kwenye joto hilo. Kuichemsha asubuhi si dawa ya uhakika. Ukishachuja, igawe kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5, viweke ndani ya beseni la maji baridi yenye barafu, koroga mara kwa mara. Iingie friji ndani ya saa 2 tangu ilipotoka motoni.

Presha inafaa. Lita 2 zinatosha kwa mabawa yako kwa kuwa mvuke haupotei, na usivuke theluthi mbili ya sufuria. Dakika 40 hadi 45 tangu presha ifike, halafu zima uache ishuke yenyewe dakika 20. Ukiifungulia mvuke ghafla, supu inatokota humo ndani na kupata ule ukungu aliousema MwikoMrefu. Hasara ni nyama: hakuna njia ya kuitoa katikati. Ukitaka nyama nzuri, ivue kwanza kadiri kisu kitakavyofika, kisha pika mifupa na ngozi peke yake.

Mifupa ukimaliza usimpe mbwa. Iliyopikwa inapasuka na kumchoma koo au utumbo.

---

Chujio_la_Bibi

Niongeze kwa supu itakayobaki. Dengu zinaipokea vizuri kuliko hata maharagwe na haziombi kulowekwa. Kwenye wali, tumia theluthi moja supu na theluthi mbili maji mara ya kwanza, usitie chumvi mpaka wali uive. Mboga za majani zenye uchungu zinaendana sana na moshi: zichemshe kwenye supu kidogo tu, kikombe 1 kwa mafungu 2, na siki kijiko cha chai wakati wa kuepua. Supu ikiwa nyingi, mboga inaogelea na ladha inapotea.

---

Sahani_Tatu

La mwisho. Bawa moja kati ya manne ni jeusi zaidi, linanata, na nikilionja linaacha uchungu na ganzi kidogo kwenye ulimi. Niliweke humo humo?

---

motomdogo

Hilo litenge. Uchungu wenye ganzi ni kreosoti, utando wa moshi mzito wa kuni ambazo hazikupata hewa ya kutosha kuungua vizuri. Hukaa juu ya ngozi, na ukilitia na mengine mafuta yataueneza kwenye supu nzima. Sukari na ndimu haviuondoi.

Vua ngozi yote utupe, hii hata ya kukausha haifai. Suuza bawa kwa maji ya moto, sugua kwa brashi safi, kisha onja nyama ya ndani. Ikiwa safi, liunge na wenzake. Ikiwa bado chungu, lichemshe peke yake kwenye kisufuria dakika 10, onja maji. Maji yakiwa machungu, usilihangaikie, matatu yanatosha: pika kwa lita 2 na robo badala ya 3.