Alizeti haikauki, nipige dawa ya magugu?

Mkulima wa Sengerema:
Wakuu, nina ekari 3 za alizeti. Vichwa vimeinama, mgongoni vimeanza unjano, lakini mashina bado mabichi na ndege wanavuna kabla yangu. Mvua nayo haijakata. Jirani ana glaifoseti iliyobaki, anasema nipige juu ikauke nivune. Kaona video ya Kanada. Kuna aliyejaribu?

Mama Shija, Magu:
Mwangaluka kaka. Nilijaribu mimi, kwa kiherehere changu, vichwa vikiwa bado kijani. Dawa hiyo haiunguzi papo hapo. Mmea unainywa, inatembea mpaka mizizini na kwenye mbegu, ndipo unakufa polepole. Shamba lilikuja kukauka wiki ya pili, wenzangu waliokata kwa panga wameshapura! Gunia likawa jepesi, mapepe matupu. Mwenye mashine ya kukamua alichota kiganjani, akapuliza, zikaruka. Nilizoweka za kupanda ziliota moja moja. Mabua sikuthubutu kuwapa mbuzi.

Muuza pembejeo:
Mama kamaliza. Kanada wanavuna kwa kombaini, kwa hiyo shamba zima lazima likauke kwa pamoja. Wanaotaka kukausha haraka hupiga daikwati, inayobabua majani kwa siku chache, tena alizeti ikiwa imeshakomaa. Glaifoseti wanaitumia zaidi kuua magugu. Ulaya daikwati ilinyimwa kibali 2018, na 2023 walipoiongezea glaifoseti muda walikataza kukaushia nayo mazao yanayokaribia kuvunwa. Soma kibandiko cha dawa ya jirani. Kama hakitaji kukausha alizeti, mrudishie.

Mama Shija, Magu:
Subiri mgongo wa kichwa uwe njano kabisa na pembeni uanze ukahawia. Kata, anika juu ya turubai, geuzageuza, jioni funika. Usirundike, vitavunda. Ng'ata mbegu: ikivunjika kavu, pura. Ikibonyea, bado. Ndege watakula hizo siku chache, wape watoto makopo wayagonge.

Mkulima wa Sengerema:
Asante mama, dawa narudisha. Turubai ninalo moja, la shemeji, huanikia dagaa. Linafaa?

Mama Shija, Magu:
Lioshe kwa sabuni, kaka, mara mbili. Mashudu yenye dagaa kuku watakushukuru, ila hayo mafuta utakaangia mwenyewe.