X-Trail ya yadi: nilipie dhamana ya 1,200,000 au hela nibaki nayo?

Mtu_wa_Ihumwa
Wakuu, habari za jioni. Nimepata Nissan X-Trail ya 2010 kwenye yadi moja hapa Dar. Imetoka Japani, namba tayari inazo, odometa inasoma km 84,000. Bodi safi, ndani safi. Muuzaji ana dhamana anayoiuza pembeni: sh 1,200,000 kwa miezi 6 au km 10,000, kitakachotangulia, inahusu injini na gia boksi. Mwezi ujao nahamia Dodoma kikazi, ila familia inabaki Dar kwanza, kwa hiyo barabara nitaipiga sana.

Njia ninazoziona ni tatu. Nilipie dhamana. Au nimlipe fundi aikague, hela inayobaki niitunze kwa matengenezo. Au nimbane muuzaji kwenye bei nichukue gari bila dhamana. Mke wangu anasema lipia tulale usingizi. Nyie mnaonaje?

KobeMwendokasi
Usingizi wa laki 12 mkuu, si ununue godoro 😀. Used ni used. Hela ikae benki, na Dodoma panda SGR.

Dada_Kirumba
Mimi nitawapinga mapema kabla hamjajaa humu. Nilinunua Forester na dhamana ya kulipia, ikanifaa. Gari ilianza kula maji, kumbe gasketi ya silinda hedi. Waliifungua wakatengeneza, sikutoa hata mia.

Ila kabla ya kulipa karatasi niliisoma yote. Kulikuwa na kipengele kinasema uharibifu uliotokana na injini kuchemsha hauhusiki. Sasa gasketi ikiondoka, injini itaachaje kuchemsha? Niligoma mpaka wakakikata kwa kalamu, wakasaini na kugonga muhuri pembeni. Kisingekatwa, kingetumika hichohicho kunirudisha nyumbani. Kaka, hiyo karatasi umeiona au umesimuliwa?

Mtu_wa_Ihumwa
Dada, wamenitumia WhatsApp leo baada ya kuisumbukia. Yaliyomo: madai yote kwa pamoja hayazidi 1,500,000. Sevisi zote zifanyike gereji yao ya Dar, ukifanya kwingine dhamana imekufa. Fundi wao ndiye anayeamua kama tatizo linahusika na uamuzi wake ni wa mwisho. Vinavyolika havihusiki: breki, bushi, shokapu, betri, mikanda. Kuvuta gari ni juu ya mteja.

FundiTandale
Hapo kwenye "mikanda" simama. Hiyo X-Trail ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Ndani ya gia boksi yake kuna mkanda wa chuma unaokaza kati ya puli mbili, na huo ndio unaochoka kwenye gari hizi. Mtu akitaka kukukwepa atakwambia mkanda ni kitu kinacholika. Waandike kabisa: mikanda ya nje ya injini haihusiki, wa ndani ya CVT unahusika.

Pili, ukomo wa 1,500,000. Wewe umeshatoa 1,200,000 mfukoni. Gari ikifa kabisa, wanachokuongezea juu ya hela yako mwenyewe ni laki 3. Mteja wangu aliulizia gia boksi ya mtumba ya gari hiyo Gerezani hivi karibuni, ilivuka milioni 2, ufundi na oili bado. Kwa karatasi hiyo silipii.

Ukaguzi ndio wa kuwekea hela. Gari ipimwe asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Ipeleke D, rudisha R, sikiliza inavyoshika: ikichelewa halafu ikarusha, achana nayo. Baadaye iendeshwe mpaka ipate moto vizuri, kwa sababu CVT mbovu huwa inajificha ikiwa ya baridi, inaanza kulia na kutetemeka ikishapata joto. Oili yake ni NS-2. Kuna mafundi wanaweka ATF, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, kisa ni rahisi, na hapo gia boksi inaanza kuhesabu siku. Kwenye kompyuta ya kupimia gari usiridhike kuona hakuna kosa. Makosa yanafutwa kwa dakika moja. Angalia kama vipimo vya ndani vya injini vinaonyesha "havijakamilika". Vingi vikiwa hivyo, ujue mtu amefuta kumbukumbu au amechomoa betri, muulize kwa nini.

MpangajiMtoni
Swali la mshamba: akikata bima kubwa si inatosha?

Dada_Kirumba
Hapana jamani. Bima kubwa ni ajali, moto, wizi. Gia boksi iliyochoka yenyewe haiwahusu.

SuraYa214
Nijazie upande wa sheria. Kutolipia dhamana hakukuachi mtupu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaingiza masharti ya ubora kwenye mauzo hata kama hayakuandikwa, mojawapo ni bidhaa kufaa kwa kazi uliyomweleza muuzaji wakati unamtegemea ujuzi wake. Kwa hiyo mwambie kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, kwamba gari ni ya safari ndefu za Dodoma.

Tatizo ni kwamba makubaliano yenu yanaweza kuyaondoa masharti hayo. Tafuta kwenye mkataba wa mauzo maneno kama "imeuzwa kama ilivyo" au "mnunuzi ameridhika na hali ya gari". Ukiyakuta, hayo yanakugharimu kuliko hiyo 1,200,000 unayoiwazia, na hapo ndipo pa kubishana naye.

Odometa nayo usiipite. Omba cheti cha kusafirisha gari nje cha Japani, huwa kina kilomita zilizorekodiwa kwenye ukaguzi wa kule. Wakiwa na karatasi ya mnada, angalia daraja: R au RA maana yake gari ilishatengenezwa baada ya ajali. Kilomita zilizochezewa ni upotoshaji, malalamiko ya hivyo yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

KobeMwendokasi
Sasa naona umuhimu wa kusoma uzi mpaka mwisho. Nafuta kauli ya godoro, ya SGR inabaki.

Mtu_wa_Ihumwa
Mrejesho. Niliwapigia mchana. Ukomo hawapandishi, na gereji ya Dodoma hawana wala hawatambui ya mtu mwingine. Kila sevisi nirudi Dar, na gari ikizima Gairo niivute kwa hela yangu. Dhamana nimeiacha. Nimeomba badala yake waandike kwenye mkataba siku 30 za injini na gia boksi bila malipo, na wafute "kama ilivyo", ambayo kweli ilikuwepo, ukurasa wa pili. Bosi wao kakubali siku 14, tumebishana tukaishia 21. Cheti cha Japani anasema kipo, atakitoa Jumamosi. Fundi, unaweza kuja nami saa 1 asubuhi?

FundiTandale
Nakuja, njoo inbox tuelewane. Waambie mlinzi gari isiwashwe kabla hatujafika. Tukikuta boneti ina moto tunaondoka, tutarudi siku nyingine bila kuwapa taarifa.