App ya mwani: akina mama hawaitumii, nimekosea wapi?

Mkoda_Ngambo:
Assalaam alaykum wadau. Nimetengeneza app ya akina mama wa mwani huku Kusini Unguja, waingize mavuno yao kila wiki, wajue kilo zao wasipunjwe kwenye mizani. Kabla sijaanza niliwaita skuli nikawaonesha kwenye projekta, wakasema nzuri mwanangu, makofi. Miezi mitatu sasa, kati ya watu 40 wanaoingiza ni wawili, na hao wanajaziwa na watoto wao. Inaniuma maana nnataka iwasaidie kweli. Niwape semina tena?

KaraniWaMizani:
Waalaykum salaam kaka. Semina kaichukue wewe kwao. Nimekaa kwenye mizani ya mwani miaka sita na mama yangu mzazi ni mkulima wa mwani. Hiyo "kila wiki" umeitoa wapi? Wao wanahesabu bamvu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanatoka mbali ndo wanaingia pwani, maji mafu hakuna kazi, sasa wiki hiyo fomu yako inauliza kitu ambacho hakipo. Afu wanavuna mbichi wanauza mkavu, ukiuliza "kilo ngapi" akujibu kilo zipi? Na simu yenyewe, mama akitoka majini vidole vimekunjana vina chumvi, anagusa kioo hakisikii, anaifuta kwa kanga iliyorowa, hakisikii, anairudisha kwenye mfuko wa plastiki basi.

Mkoda_Ngambo:
Wallahi bamvu sikulifikiria kabisa. Na nimeweka ukubwa wa shamba kwa mita za mraba 😔

KaraniWaMizani:
Wanahesabu kamba wanazofungia mwani. Atakwambia nna kamba 60 za spinosum na 20 za kotoni (aina mbili za mwani) na hakosei hata moja.

MtuWaWete:
Mkutano wa skuli haukwambii kitu, mtoto wa watu umevaa vizuri umekuja na projekta nani atakwambia mbaya? Chuoni tulisoma habari za Norwei, miaka ya 1970 Kristen Nygaard na wenzake walikaa na chama cha wafanyakazi wa chuma kuangalia kompyuta zinazoletwa zitaibadilisha vipi kazi yao. Afu 1981 mpaka 1985 kule Skandinavia ukaja mradi wa UTOPIA na wachapaji magazeti, mashine bado hazipo, wakachukua maboksi matupu wakasema hili ndo printa, wakaifanya kazi yao kama kawaida, na palipokwama mchapaji mwenyewe anasema hapa hapafai. Mimi nikajaribu huku Pemba kwenye karafuu, skrini nimezichora kwenye karatasi tu. Bibi mmoja akaninyang'anya kalamu, akasema wachumaji wangu nnawalipa kwa pishi (kipimo cha ujazo), pishi umeiweka wapi? Mimi nilikuwa nimeandika kilo tupu. Ingekuwa kwenye simu asingethubutu kufuta.

Mkoda_Ngambo:
Ahsanteni sana. Nafuta ile fomu, nakwenda na karatasi. Dada Karani, bamvu lijalo naweza kuja?

KaraniWaMizani:
Njoo, nitamwambia mama. Ufike kabla maji hayajatoka, vaa viatu vya raba kuna miba, na siku ya kwanza usiulize kitu, funga mwani nao.