MJADALA: Gereji inayomfundisha kijana wa VETA ilipwe kutoka kwenye SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi?

Mleta mada
Wakuu, mhitimu wa VETA (vyuo vya ufundi stadi vya serikali) akishindwa kazi lawama zote zinakwenda chuoni: mashine za kizamani, walimu hawatoshi. Sawa, lakini tutazame fildi. Kijana anapelekwa gereji wiki kadhaa, anafagia, anafuata chai, anamshikia fundi tochi. Bosi hana ubaya naye. Ni kwamba hapati chochote kwa kumfundisha, na muda wa kumwelekeza kufungua gia boksi ni muda wa mteja.

Hela ya ujuzi ipo. Mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia kumi anailipa TRA, mamlaka ya mapato, tozo ya SDL, iliyoshushwa Julai 2023 kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5, na sehemu yake inaiendesha VETA. Gereji ya mafundi wanne pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, haimo humo: hailipi wala hailipwi, na kazi inafundishwa hapo. Hoja yangu ni kwamba kipande cha SDL kimfuate mwanafunzi mpaka gereji, na bosi alipwe kijana akifaulu mtihani wa vitendo. Mahudhurio peke yake yasilipiwe.

Mwenye gereji, Temeke
Hela sikatai. Sasa kijana akilegeza nati za tairi, au akivunja soketi ya sensa kwenye gari la watu, nani analipa? Chuo kinaniletea barua yenye mhuri na fomu ya kujaza. Barua inayosema gari likiharibika watafidia sijaiona hata siku moja. Ndiyo maana anashika tochi. Leteni bima kwanza, malipo tutaongea.

Mkufunzi wa magari
Hizo gereji mnazozisifu nyingine zinabahatisha. Taa ya injini inawaka, fundi anabadili plagi. Haizimi, anabadili sensa. Mteja analipa vyote. Kijana anarudi na tabia hiyo na kunibishia darasani. Ukianza kulipa, kuna bosi atapokea vijana ishirini kwa ajili ya hela tu. Nani atawakagua? Mimi huko fildi nafika mara moja, tena nauli yenyewe ya kugombania.

Binti wa umeme
Nilisomea umeme wa majumbani. Fildi nikapangiwa kampuni moja ya ujenzi, nikakalishwa ofisini kutoa fotokopi, wenzangu wa kiume wakaenda saiti. Kitabu changu kilisainiwa kama chao: "amefanya wayaringi". Kazi nimekuja kuijua mtaani, nikiwa saidia fundi wa kulipwa kwa siku. Leo cheti ninacho, leseni ya mafundi umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, bado, na mteja wa maana anaulizia leseni. Kabla ya kugawa hela, semeni aliyesaini uongo ule naye angelipwa?

Fundi wa mtaani
Mnatujadili kama hatupo. VETA hao hao wana urasimishaji ujuzi: fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anapimwa na kupewa cheti. Tukiaminiwa kupewa cheti, kufundisha kuna shida gani?

Mleta mada
Mkufunzi, ukilipa kwa matokeo, hao ishirini watamtia bosi hasara mwenyewe, maana atawalisha na kuwaelekeza bure wakifeli. Ila mtahini asiwe chuo kilichompeleka kijana wala gereji iliyompokea. Dada wa umeme, yule aliyekusainia asingepata kitu, kwa sababu fotokopi haikufundishi kufunga meinswichi mbele ya mtahini. Bima ya magari ya wateja ikatwe kwenye hicho hicho kipande cha SDL, kabla bosi yeyote hajapewa senti.

Mwenye gereji, Temeke
Hapo tunaanza kuelewana. Lakini gereji nyingi huku kwetu hazina leseni ya biashara, na eneo ni la mtu, akiamka vibaya anatuhamisha. Hiyo hela, na hiyo bima, itaandikwa kwa jina la nani?